Anayenitibu hofu ni mwanafunzi: niendelee naye au niombe mkubwa?

"Habari dokta. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, nina miaka 38, naishi Igoma, mzigo nauchukua visiwani Ukerewe na Ukara nauleta Mwaloni Kirumba. Mwaka jana tukiwa kwenye boti usiku tulipigwa na dhoruba, injini ikazima, maji yakaingia, tukawa tunayachota na ndoo mpaka alfajiri tulipookolewa. Hakuna aliyekufa. Nikaendelea na kazi fresh tu. Kama miezi mitatu baadaye nipo kwenye kivuko cha Kamanga, mchana kweupe, ziwa limetulia, mara moyo ukaanza kwenda mbio, vidole ganzi, jasho, nikajua nakufa. Tangu hapo imenirudia mara nyingi, hadi kwenye daladala na kanisani. Hospitali wamenipima moyo, damu, sukari, wakasema sina kitu, wakanipeleka kwa mwanasaikolojia. Nimekuta binti mdogo, miaka 30 sidhani kama anayo, akajitambulisha kwamba anasoma masta na yupo kwenye mafunzo kwa vitendo, zamani alikuwa anatoa ushauri nasaha kwa watu wenye VVU. Nikamuuliza anatumia tiba gani, akasema anachanganya mbinu kulingana na mtu. Kaniuliza mpaka habari za utotoni na baba yangu. Mara ya tatu akaniambia nipumue harakaharaka dakika nzima mpaka kile kizunguzungu kikaja, nikaona huyu sasa ananijaribia. Ananipa na kazi za nyumbani kama mtoto wa shule, dawa hamna. Halafu mambo yangu anasema anayajadili na msimamizi wake. Mke wangu anasema tuachane naye, tukaombewe au twende kwa mtaalamu wa kienyeji kwao Misungwi. Siku hizi nikitaka kuvuka napiga kidogo kwanza. Naomba ukweli, niendelee na mwanafunzi au niombe mkubwa?"

Kaka yangu, pole kwa yaliyokukuta kwenye boti na pole zaidi kwa hii miezi ambayo mwili unakusumbua huku kila kipimo kinasema uko mzima, maana hapo mtu unabaki huna hata jina la kuwaambia wenzako unaumwa nini. Umeuliza kitu kimoja, huyu binti nimuamini au la, ila ndani yake kuna maswali mengine matatu manne yamejificha, na moja, hilo la kupiga pombe kidogo kabla ya kuvuka, umelitaja juujuu mwishoni wakati mimi ndo limenifanya nikae vizuri kwenye kiti. Nitalifikia. Kabla ya yote ujue nina upande wangu kwenye hii ishu: mimi ni mwanasaikolojia tiba na sehemu ya kazi yangu hapa Mwanza ni kusimamia wanafunzi wa aina ya huyo binti, kwa hiyo nikiwasifia punguza kidogo.

Tuanze na yeye mwenyewe. Mtu anayesoma masta ya saikolojia tiba usimfananishe na kijana aliyemaliza shule juzi akatumwa fildi kujaza fomu. Huyo ana digrii ya kwanza tayari, kwa kawaida miaka 3, wengi wamefanya kazi katikati hapo, halafu ndo wanarudi chuo kama Muhimbili pale Dar ambako masta hiyo inatolewa, na sehemu kubwa ya masta yenyewe si darasani, ni wodini na kliniki wakiona watu wenye matatizo ya kweli chini ya mkubwa. Uingereza wenzetu wameenda mbali zaidi, kule anayeitwa mwanasaikolojia tiba mwanafunzi anakuwa na digrii yake ya saikolojia, kaongeza na uzoefu wa kazi, ndo anaingia mafunzo ya miaka 3 ya ngazi ya uzamivu, na katika hiyo miaka anahamishwa idara kwa idara, watu wazima, watoto, wazee, watu wenye ulemavu wa akili. Mtu anaweza kufika miaka 30 na bado anaitwa mwanafunzi. Kwa hiyo sura changa na hilo jina la mwanafunzi visikupotoshe, huenda amekaa na watu wenye shida miaka mingi kuliko unavyodhani.

Na hiyo historia yake ya VVU ambayo naona imekutia wasiwasi, kama vile ni mtu wa ugonjwa mwingine kaletwa kwenye ugonjwa wako, mimi ningeifurahia. Mtu aliyefanya kazi kwenye CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya watu wenye VVU, amejifunza vitu ambavyo darasani havipo: kukaa na mtu aliyepewa habari mbaya dakika tano zilizopita bila kukimbilia kumwambia usijali, kutunza siri kwenye mji ambao shemeji yako anaweza kuwa yupo kwenye foleni hapo nje, kumrudisha mtu kwenye tiba baada ya kukata tamaa, na kutomhukumu mtu. Hofu yako ni somo jipya kwake labda, lakini hayo mengine ndo yanachukua muda mrefu kujifunza.

Sasa la msimamizi. Akisema anajadili mambo yako na msimamizi hajamaanisha anakusema kantini. Ni utaratibu, na kwa mwanafunzi ni lazima: mara nyingi kila wiki anakaa na mwanasaikolojia mwenye uzoefu, anaeleza alichokiona, alichokifanya, wapi amekwama, na yule mkubwa anauliza maswali magumu, kwanini ulimwambia hivi, umehakikisha halewi, umemuuliza kuhusu kujiua. Msimamizi naye amefungwa na siri ileile. Vizuri ukamuuliza binti kama jina lako linatajwa huko na kama kuna kurekodi, maana kurekodi bila wewe kukubali hairuhusiwi kabisa. Na siri yenyewe ina mipaka ambayo alitakiwa akuambie siku ya kwanza: ukiwa kwenye hatari ya kujidhuru, au kuna mtu mwingine yuko hatarini, hasa mtoto, hapo atalazimika kusema. Nje ya hapo, hapana. Kwa maneno mengine unatibiwa na watu wawili kwa mkupuo mmoja, na yule mkubwa unayetaka kumuomba inawezekana kabisa tayari yupo kwenye kesi yako ila hujamuona uso.

Hasara zipo na sitakuficha. Ya kwanza mwanafunzi ataondoka, mzunguko wake ukiisha anahamishwa, na kama tiba haijakamilika utakabidhiwa kwa mwingine uanze kuzoeana upya, hiyo inauma na watu wengi hukatia tiba hapo. Muulize mapema anabaki mpaka lini. Nyingine, wanafunzi wengine wanang'ang'ania kitabu, unamwambia umefiwa jana yeye bado anataka mmalize zoezi la wiki iliyopita. Wengine wana woga wao wanaouficha kwa kuongea sana au kwa kuandika muda wote bila kukutazama. Na kuna hali ambazo mwanafunzi hatakiwi kuzibeba kama ndo mtu mkuu, nitazitaja huko chini.

Ila hili la umri na uzoefu kwa ujumla lisikusumbue kama linavyokusumbua. Watafiti wameliangalia kwa miaka mingi, na wanachokipata ni kwamba miaka kazini peke yake haitabiri sana nani atapona, kinachotabiri zaidi ni kama wewe na anayekutibu mnaelewana, mnakubaliana mnatibu nini na kwa njia gani. Zimbabwe wamefika mbali zaidi, mtaalamu wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaani Harare, watu wa afya ya jamii ambao hawana digrii yoyote ya saikolojia, wakae na watu kwenye benchi nje ya kliniki wawasaidie kutatua shida zao kwa utaratibu maalumu, na utafiti uliochapishwa 2016 ukaonyesha waliokaa na hao mabibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Huko walikuwa wazee bila digrii, wewe una kijana mwenye digrii, kinachofanana ni kwamba wote wamefundishwa kitu mahsusi na kuna mtu anawasimamia.

Umesema anachanganya mbinu na wewe ukasikia kama anabahatisha. Naelewa, ukienda kwa fundi akakwambia atachanganyachanganya utachukua gari lako uondoke. Kwenye kazi yetu kuna familia kadhaa za tiba. Ipo inayoangalia mawazo na matendo na jinsi vinavyolishana, ambayo Mmarekani Aaron Beck aliijenga kuanzia miaka ya 1960 akiwa na wagonjwa wa sonona. Ipo iliyotoka kwa Freud kule Vienna inayofuata mambo ya zamani mtu asiyoyaona mwenyewe. Ipo ya Carl Rogers ambayo msingi wake ni namna ya kumsikiliza mtu na kumheshimu. Ipo inayoitazama familia nzima badala ya mtu mmoja, hii kwetu huku ni muhimu kuliko vitabu vingi vinavyosema, maana nani Usukumani anaumwa peke yake? Mwanafunzi anafundishwa angalau mbili vizuri, na kuchanganya kunakubalika kama kuna ramani. Bila ramani ni kubahatisha kweli, hapo una haki ya kukasirika.

Hiyo ramani inajengwa kwa maswali matano hivi, na naamini ndo alikuwa anakuuliza bila kuyataja kwa namba. Shida ni nini hasa. Nini kilikufanya uwe rahisi kupatwa nayo. Nini kiliianzisha. Nini kinaifanya iendelee hata leo. Nini kinakusaidia usianguke kabisa. Utoto na baba vinaingia kwenye swali la pili, na sio kwamba anatafuta wa kumlaumu. Kama ulikulia nyumba ambayo mwanaume akiogopa anachekwa, utakuwa umejifunza kumeza hofu na kuendelea na kazi, ndo hicho hasa umenieleza, tulichota maji usiku kucha halafu nikaendelea fresh tu. Au kama kuna mtu wa ukoo alipotelea ziwani, hicho nacho kinabadilisha picha. Watu wa huku tuna ajali ya meli ya MV Bukoba ya Mei 1996 na ya kivuko cha MV Nyerere ya Septemba 2018 pale Ukara, njia yako hiyohiyo ya dagaa, sidhani kama kuna mfanyabiashara wa visiwani asiyemjua mtu aliyeondoka kwenye mojawapo. Ukimjibu binti kwa kifupi kwamba utotoni ilikuwa kawaida, unamnyima vitu anavyovihitaji. Ila ukiona hujawa tayari kusema jambo fulani mwambie hivyo tu, atasubiri.

Mimi swali linaloniumiza kichwa kwako ni la nne, kinachoifanya iendelee. Boti ilishapita. Kwanini mwili unaendelea kulia?

Sikiliza namna inavyofanya kazi. Mwilini tuna king'ora cha hatari. Usiku ule kwenye boti kililia kwa haki kabisa, tezi zilizo juu ya figo zikamwaga adrenalini, moyo ukapiga kasi ili misuli ipate damu, pumzi zikaenda haraka, ukapata nguvu za kuchota maji mpaka asubuhi, bila hicho king'ora usingeniandikia leo. Tatizo ni kwamba baada ya tukio kama lile kinabaki kimeregezwa, kinashtuka kwa kitu kidogo, mlio wa injini, harufu ya mafuta na dagaa, kivuko kuyumba kidogo, hata moyo kwenda kasi kwa sababu umepanda ngazi. Siku ile Kamanga kililia bila dhoruba. Ukaanza kupumua haraka bila kujua, na ukipumua haraka wakati hukimbii unatoa hewa ukaa nyingi kupita kiasi, hiyo ikipungua kwenye damu mishipa inayopeleka damu kichwani inabana kidogo, ndo kizunguzungu, ndo ganzi ya vidole na midomo, ndo kifua kubana. Wewe ukavisikia ukasema nakufa. Hilo wazo nalo ni habari ya hatari, adrenalini ikaongezeka, dalili zikapanda, wazo likapata ushahidi. Mzunguko mzima mpaka kileleni mara nyingi hauzidi dakika 10 hivi, halafu unashuka wenyewe hata usipofanya chochote, maana mwili hauwezi kukaa kule juu muda mrefu. Lakini nani amewahi kukaa asubiri aone unashuka? Unakimbia, unashuka kwenye daladala, unatoka kanisani, ukipata nafuu unasema nimepona kwa sababu nimetoka. Kesho kanisa nalo limeingia kwenye orodha ya sehemu za hatari.

Hapo ndo utaelewa kwanini alikupumulisha. Hakuwa anakujaribia. Alitaka ukipate kile kizunguzungu kilekile, ukiwa kwenye kiti, hakuna ziwa, hakuna kivuko, umekileta mwenyewe kwa pumzi zako na kikaondoka, mwili wako uone kwamba kile unachokiita kufa ni pumzi. Ni zoezi la kawaida kabisa kwenye tiba ya hofu ya aina hii. Kosa ninaloliona, kama hali ni kama ulivyoeleza, ni kwamba hukuelezwa vya kutosha kabla, au ulielezwa ukiwa na hofu hukusikia. Mwambie wiki hii kwamba hukuelewa. Na kama una pumu, kifafa, tatizo la moyo au mtu ni mjamzito zoezi hilo halifanywi bila daktari kuulizwa, wewe moyo ulishapimwa kwa hiyo upande huo uko sawa, ila ningependa nijue kama tezi ya shingo nayo walipima maana ikifanya kazi kupita kiasi inaleta mapigo ya moyo na jasho vilevile.

Kazi za nyumbani ni mwendelezo wa jambo hilohilo. Saa moja kwa wiki kliniki haiwezi kushinda saa zote nyingine ambazo unakwepa. Sijui amekupa nini hasa ila kwa hali yako ningetegemea vitu kama kwenda gatini Kamanga, usipande, usimame tu unaangalia kivuko kikija na kuondoka mpaka hofu ishuke kwa angalau nusu, unaandika namba kutoka 0 mpaka 10 mwanzo na mwisho. Siku nyingine unapanda kikiwa kimefunga gati unashuka. Baadaye unavuka na mtu, halafu peke yako, halafu ndo safari ya Nansio yenye saa kadhaa majini. Ukiruka moja kwa moja mpaka hiyo ya mwisho utashindwa na utasema tiba haifanyi kazi. Usipofanya kabisa nayo haifanyi kazi, mwanafunzi au profesa.

Na kukwepa siku hizi kumekuwa rahisi. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025 mtu wa Sengerema anapita barabarani kavu, na mimi ni wa kwanza kulisifia, ila nina watu wanaolitumia si kwa sababu ni haraka, ni kwa sababu wanaogopa maji, na kuna ambao baada ya muda wameanza kuogopa hata juu ya daraja lenyewe. Ukerewe vilevile, unaweza kuzunguka Bunda uende Kisorya ili ukae majini dakika chache badala ya saa kadhaa. Kama unazunguka kwa sababu ya biashara sawa. Kama unazunguka kwa sababu ya moyo, king'ora kinazidi kuamini kwamba kilikuwa sahihi.

Usinielewe vibaya lakini, hakuna atakayekwambia ziwa halina hatari, ukikutana na mtu wa tiba anakwambia hivyo huyo hajui Mwanza. Boti iliyojazwa kupita kiasi usipande, usiku wenye upepo usisafiri, na jaketi la kuokolea livae kila safari hata wenzako wakikucheka, hiyo ni akili si ugonjwa. Kitu cha kuacha ni zile kinga zisizozuia kuzama wala nini: kukaa karibu na mlango, kumpigia mke simu njia nzima, kushika mapigo ya moyo kila dakika.

Na pombe. Zamani ingekuwa kiroba, ile pombe kali ya kwenye kifuko, mfukoni, tangu vipigwe marufuku 2017 naona ni ile chupa ndogo. Pombe inafanya kazi, ndo ubaya wake, ukiinywa hofu inashuka dakika hiyohiyo. Lakini ukivuka umelewa mwili haujifunzi kwamba unaweza kuvuka, unajifunza kwamba pombe imekuvusha, kwa hiyo mazoezi yote ya binti yanaenda bure. Pili ikianza kuisha mwilini inapandisha wasiwasi na mapigo ya moyo, asubuhi inayofuata king'ora ni chepesi zaidi, utahitaji zaidi. Na tatu wewe unasafiri ziwani na hela za mzigo, hilo sihitaji kukufafanulia. Je binti anajua unakunywa? Nina wasiwasi hajui. Mwambie kiasi kamili, sio kile cha kumridhisha. Kama imeshafika hatua ya kila siku na ukikosa mikono inatetemeka au unatoka jasho asubuhi, usiache ghafla peke yako, kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege, nenda hospitali wakupunguzie kwa utaratibu.

Kuhusu dawa: huyo binti hakupi kwa sababu kuandika dawa si kazi ya mwanasaikolojia hata akishafuzu, hiyo ni kazi ya daktari. Dawa zipo na zinasaidia, zile za kundi la fluoksetini zinatumika kwa hofu kama yako, zinachukua wiki kadhaa kuanza kuonyesha kitu na zinatakiwa kutumiwa kwa miezi, usiache katikati kwa kuwa umejisikia vizuri. Kama mazoezi yamegoma kabisa, au una huzuni nzito juu ya hofu, au huwezi kutoka ndani, omba uonwe na daktari wa magonjwa ya akili mfanye vyote viwili. Ninayokukataza ni kununua diazepamu, wengi mnaijua kwa jina la Valium, duka la dawa mtaani. Inatuliza haraka kama pombe, inaleta mazoea kama pombe, na kuichanganya na pombe inaweza kukuzuia kupumua. Kama ungependa kujua tiba ya maongezi inachukua muda gani, mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, kwa hofu ya aina hii unataja saa 7 mpaka 14 kwa jumla. Wewe umeenda mara tatu. Mara tatu ni mapema kuhukumu tiba, ingawa si mapema kuhukumu kama mtu anakusikiliza.

Shemeji naye ana hoja zake. Kuombewa sina shida nako kabisa, watu wengi ninaowaona wanasali na wanafanya mazoezi, tena kanisani ni moja ya sehemu ulizoanza kuzikwepa kwa hiyo kurudi huko ni tiba nusu. Shida inakuja pale unapoambiwa kwamba ukiendelea na hospitali ni kukosa imani. Kwa mtaalamu wa kienyeji nina tahadhari mbili: dawa ya kunywa ambayo haijulikani ndani ina nini, kwa mtu ambaye moyo wake ndo unamsumbua, na ile stori ya kwamba kuna mwenzako Mwaloni amekufanyia kitu. Ukitoka na stori hiyo umeondoka na hofu ya maji umerudi na hofu ya maji pamoja na hofu ya watu, na biashara yako inategemea hao watu. Mkiamua kwenda msiache tiba, na mwambie binti mmekwenda. Akikucheka kwa hilo basi hajaiva.

Mimi siwezi kukupa jina la ugonjwa kwa maandishi. Ulichoeleza kinafanana na mashambulizi ya hofu, ila kwa sababu kilianzia kwenye tukio la kutisha kuna swali jingine lazima lijibiwe ana kwa ana: unaota ile boti? Inakurudia mchana kama vile uko palepale? Unashtuka kwa kila kelele, umekuwa mkali nyumbani, unakwepa hata kuizungumzia? Kama ndiyo, tiba inabadilika kidogo, inabidi kuifanyia kazi kumbukumbu yenyewe na sio pumzi peke yake, na hapo ningetaka msimamizi awe karibu sana au aingie chumbani. Vilevile muombe mkubwa moja kwa moja kama unasikia sauti wengine hawazisikii, kama pombe imekushinda, au kama siku zinapita hulali kabisa. Ukijiwa na mawazo kwamba bora ufe, au umeanza kufikiria namna ya kufanya, usisubiri siku ya kliniki, nenda na mtu dirisha la dharura la hospitali kubwa iliyo karibu, iwe Bugando au Sekou Toure, na useme hivyohivyo bila kuzunguka. Na maumivu ya kifua yanayokuja ukibeba mzigo au kupanda mlima, au kuzimia kabisa, hayo rudi kwa daktari wa moyo hata kama ulishapimwa.

Kwa hiyo jibu langu: kama hamna hata kimoja kati ya hivyo, endelea na huyo binti, lakini siku ya kwanza ukirudi mpe mtihani kidogo. Muulize msimamizi wako ni nani na naweza kumuona? Uko hapa mpaka mwezi gani na ukiondoka nani ananichukua? Nichoree shida yangu kwa unavyoielewa, kwenye karatasi, kwa Kiswahili changu. Tutajuaje kama napona? Mwanafunzi mzuri atafurahi kuulizwa, pengine atatoka jasho kidogo, lakini atajibu, na lile ambalo halijui atasema nitamuuliza msimamizi nikurudishie wiki ijayo, na wiki ijayo atakuwa nalo. Akikasirika, akikwambia wewe fanya tu ninavyokwambia, au mkifika mara ya sita, ya saba umefanya mazoezi kweli na hakuna kilichosogea, omba kukaa na msimamizi. Hiyo si kumchongea, ni haki yako na utaratibu upo kwa ajili hiyo.

Halafu nenda na shemeji siku moja, muombe binti ruhusa kwanza. Aelezwe huo mzunguko wa adrenalini akiwa amekaa hapo, maana sasa hivi yeye ndo anapokea simu zako za kutoka kwenye kivuko na kila akikwambia shuka urudi nyumbani, kwa mapenzi kabisa, anavuruga zoezi bila kujua. Akielewa, huyo ndo mtu wa kwenda naye gatini Kamanga Jumamosi asubuhi, bila chupa.